Diwani wa Kike Namba Nne

Ukitaka kumkasirisha Dokta Nyangi Mwikwabe, usihangaike kumtukana. Mwambie tu kwamba baraza la madiwani si bunge. Utamwona anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kitenge, anaivaa tena, na kuanzia hapo chai yako itapoa ukiwa unaitazama. Wanakaa? atakuuliza. Wanakaa. Wanasimama kwa zamu? Wanasimama. Wanatunga sheria ndogo, wanahojiana, wanazomeana, halafu wanapiga kura? Ndiyo, Dokta. "Sasa kama hilo si bunge, ni harusi?"

Wenzake wa idara ya sayansi ya siasa waliandika juu ya mabunge makubwa, ya kwetu na ya ughaibuni, wakaalikwa mikutano, wakapanda ndege. Yeye alichagua madiwani wa Mara. Mabaraza matatu, ambayo katika maandishi yake ya mwanzo aliyaita A, B na C, na hata ungembembeleza vipi asingekwambia lipi ni lipi. Siku moja, kwenye chumba cha walimu, bwana mmoja alimchokoza: "Nyangi, watu wanasoma mabunge, wewe unasoma ugomvi wa choo cha soko!" Wakacheka wote. Nyangi akamngoja amalize kucheka. "Choo cha soko nakiona unakitumia," akasema. "Bungeni umeingia lini?"

Ubishi huo hakuupata chuoni. Aliupata nyumbani, kijiji cha ng'ambo ya ghuba, kwa mama yake Justina, mwanika dagaa, elimu yake darasa la saba, sauti yake ya kuitia watu upepo ukiwa unavuma. Mwaka 2000 Justina alipata udiwani wa viti maalum. Wanaume pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, wakamwita diwani wa kupewa. Yeye akashona gauni jipya, akanunua kalamu mbili, akaenda.

Kila kikao cha robo mwaka kilipokaribia, ilikuwa kazi. Justina alimkalisha Nyangi kwenye kigoda uani, mtoto wa miaka kumi na minne, akamwambia: leo wewe ni Mwenyekiti. Yeye mwenyewe akasimama mbele ya chanja la dagaa, mikono nyuma, akaanza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, suala langu ni la wodi ya kujifungulia." Akifika katikati anaamrisha: "Nikatize!"

"Mama, kaa chini," Nyangi anasema, kwa sauti ndogo.

"Siyo hivyo. Kwa dharau. Kama vile unafukuza kuku."

"Kaa chini, mama, hilo tumelisikia!"

Na Justina anaendelea palepale alipokatiziwa, neno kwa neno, bila kurudi nyuma na bila kuruka. Walirudia mpaka dagaa wageuzwe upande wa pili. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya kwanza ya siasa ya Nyangi Mwikwabe, na hakulipa ada.

Suala la wodi halikuwa mchezo. Mdogo wake Justina, aliyekuwa anaitwa Rhobi, alishikwa na uchungu wakamweka kwenye mtumbwi wampeleke ng'ambo, kwa sababu zahanati yao ilikuwa chumba kimoja na kitanda kimoja, na kitanda kilikuwa na mgonjwa wa malaria. Mtoto alizaliwa katikati ya maji. Mtoto akaishi. Rhobi hakufika. Justina alilia wiki mbili, akakaukiwa na machozi, akabaki na hasira, na hasira hiyo akaibeba kikaoni mara sita. Mara ya tano walimkatiza mara kumi na saba. Mara ya sita Mwenyekiti akamwambia, "Kaa chini, mama, hilo tumelisikia," na Justina akamjibu mbele ya baraza zima: "Mmelisikia, Mheshimiwa. Hamjalijibu."

Wodi ikajengwa. Jiwe la msingi likawekwa, likaandikwa jina la mgeni rasmi, jina la mwenyekiti, na tarehe. Justina alikuwa kwenye kamati ya mapishi siku hiyo. Alipika ugali wa watu mia mbili.

Miaka ilipita. Nyangi akaingia chuo kikuu, akapewa kazi ya kusoma mihtasari ya vikao vya serikali za mitaa. Akaomba ya baraza la mama yake. Kusema kweli hakuwa anatafuta elimu, alikuwa anatafuta jina. Alisoma mihtasari ya miaka kumi, akiwa na hamu kama mtu anayetafuta picha yake kwenye gazeti. Jina la Justina Mwikwabe lilikuwepo kila kikao, kwenye orodha ya mahudhurio. Kwingine kokote, hakuna. Kikao cha sita, kile cha wodi, kiliandikwa hivi: Wajumbe walijadili kwa kina na kuazimia.

Alifunga jalada. Akalifungua tena, labda karatasi zilikuwa zimegandana. Hazikugandana. Akasema kwa sauti, peke yake mle masjala, "Mbwa nyie." Na hapo ndipo kazi ya maisha yake ilipoanza, wala usidanganywe na ule wasifu wake wa chuo unaosema ilianza na udhamini wa masomo.

Bahati ikamjia kwa jina la Mzee Apolinary. Huyu alikuwa karani mstaafu, aliyezungushwa kwa uhamisho mabaraza yote matatu, amejenga Mwisenge, Musoma mjini, mtu wa kutunza vitu mpaka mke wake alishachoka. Enzi zake vikao vilirekodiwa kwenye kaseti ili karani aandike muhtasari, halafu kaseti ifutwe na itumike tena. Mzee Apolinary hakufuta hata moja. "Nilikuwaga naona ni dhambi," alimwambia Nyangi. "Mtu amesema, halafu nimfute? Mimi ni nani?" Zikatoka stoo maboksi mawili ya sabuni, kaseti sitini na tatu, kila moja na tarehe yake kwa mwandiko wa kunyooka. Kibali cha kuzisikiliza Nyangi alikihangaikia miezi minane, kwa barua tano, na alikipata.

Akanunua madaftari ya hesabu, yale ya vijumba. Kila msemaji mstari wake, kila nusu dakika kijumba kimoja. Mtu akisema, yeye anapaka. Akikatizwa, anachora mkato. Hata kompyuta zilipojaa mjini hakuacha vijumba vyake, kwa sababu vijumba havimfichi mtu. Wanawake saba aliowafuatilia katika mabaraza yale walisimama mara mia mbili na kumi na mbili. Kwenye mihtasari walitajwa mara tisa. Wanaume walikatizwa kama watu wanaopishana mlangoni. Wanawake walikatizwa kama watu waliokosea nyumba.

Mwaka 2017 akapata udaktari. Siku aliporudi, Justina alikuwa ameshahamia Bugwema kwenye shamba la kaka yake, analima mihogo na viazi. Ndugu walijaa, wakachinja, wakaimba. Chakula kilipopungua Justina akaomba hicho kitabu. Tasnifu ile nyeusi, nzito, maandishi ya dhahabu, yote Kiingereza. Akaipakata mapajani, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Nisomee panapohusu wodi."

Nyangi akafungua ukurasa, anautafsiri papo hapo, kifua mbele. "Katika kikao cha sita, Diwani wa Kike Namba Nne alimjibu Mwenyekiti: Mmelisikia, Mheshimiwa, hamjalijibu."

Justina akaitikia kwa kichwa, akitabasamu. Halafu tabasamu likaishia njiani. "Namba Nne ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Jina langu liko wapi?"

"Hatuandikagi majina, Mama. Ni utaratibu wa utafiti. Ni kukulinda."

"Kunilinda na nani?" Sauti haikupanda, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Nyangi. "Nilisema mbele ya wanaume thelathini na mmoja, mchana kweupe, kaseti inazunguka. Wakanifuta. Sasa wewe, mwanangu, niliyekukalisha kwenye kigoda, na wewe umenifuta? Tena wewe kwa dhahabu."

Akamrudishia tasnifu, akaenda kuosha vyombo. Nyangi alibaki nayo mkononi, na aibu aliyoihisi siku ile hajawahi kuihisi tena, wala haombi. Kila alichowalaumu makarani, amekifanya mwenyewe. Na tofauti ni kwamba makarani hawakuwa watoto wa Justina.

Basi akala kiapo. Kitabu kitaandikwa upya, kwa Kiswahili, kila aliyesema atatajwa kwa jina lake, na mama yake atakishika mkononi akiwa hai. Piga ua.

Iliwachukua wote wawili miaka mingi, maana mmoja alikuwa anaandika na mwingine alikuwa anazeeka. Justina akaanza kutembelea mkongojo. Macho yakaingia ukungu. Kila Nyangi akipiga simu, salamu zikiisha, mama anauliza jambo moja tu: "Nimeshakuwa mtu, au bado ni namba?"

Muswada ulipokamilika, Nyangi akaupeleka chuoni uchapishwe, na kwa kitabu hicho hicho akaomba kupandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi. Kamati ya maadili ikamrudishia na barua ya kurasa mbili. Majina yaondolewe, la sivyo kitabu hakitoki, na kisipotoka hakuna cheo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Revocatus, mtu mpole, suti ya kijivu, mtu wa kusema "utaratibu" kama wengine wanavyosema "amina". Alimwita ofisini.

"Dokta Nyangi, mbona unajitafutia shida? Weka namba. Matokeo ni yaleyale."

"Matokeo yangu ndiyo hayo, Prof. Kwamba waliondolewa majina. Unataka niyathibitishe kwa kuyaondoa?"

"Sheria inalinda wanyonge."

"Wanyonge gani? Hawa wamekaa kwenye mabaraza yaliyojaa wanaume miaka kumi. Wewe Prof, samahani, ungekaa dakika kumi?"

Profesa akakohoa. Akasema basi, ipo njia moja: kila mmoja wa wale wanawake akubali kwa maandishi, kwa saini yake, ndani ya siku thelathini, na kamati ijiridhishe. Alisema hivyo akijua wametawanyika, wazee, hawana barua pepe. Nyangi akamshukuru kwa adabu zote, akatoka, akakata tiketi ya Musoma.

Kibara alimkuta Hyasinta, Namba Mbili, akiwa amekaa kando ya nyavu za kuanikia dagaa, anafukuza ndege. Hakukubali kushika kalamu kwanza. "Nisomee nilichosema. Nisije nikasaini upuuzi." Nyangi akamsomea alivyomuuliza mkurugenzi barabara anayoisifia ataipita lini kwa miguu yake mwenyewe. Hyasinta akapiga makofi. "Loo! Mimi huyo? Nilikuwaga mkali!" Akasaini kwa herufi kubwa, karatasi ikabaki na magamba.

Butiama, Esther, Namba Tano, alisikiliza mpaka mwisho akakunja uso. "Hapa umekosea. Umeandika nilisema 'naomba jibu'. Mimi sikuwaga mtu wa kuomba. Nilisema nataka." Nyangi akarudi kwenye kaseti, akaweka sikio. Nataka. Akasahihisha, na Esther akasaini. Bunda mmoja alikataa. Mwanawe anagombea, alisema, hataki maneno ya zamani yafufuke. Nyangi hakumbishia hata kidogo, akambakiza Namba Sita, maana kuficha jina lako ukiamua mwenyewe ni haki yako. Siku ya ishirini na tisa alikuwa na saini sita kati ya saba.

Halafu akaiandikia kamati: wazee hawa hawasafiri mbali, mkitaka kujiridhisha njooni. Na walikuja, tuwape haki yao. Jumamosi asubuhi, ukumbi wa kanisa Mwisenge, Profesa Revocatus na wajumbe wawili, na katibu wao Lilian, msichana mwenye kompyuta mapajani. Wanawake wanne walioweza kufika walikaa mstari wa mbele, vitenge vya sherehe. Mzee Apolinary alikuja pia, hakualikwa, akakaa nyuma kabisa na boksi lake la sabuni magotini. Justina, mmoja wa wale wanne, alikuwa pembeni kabisa ya mstari, mkongojo katikati ya miguu.

Profesa alizikagua zile fomu moja moja. Akazipanga. Akavua miwani.

"Saini tunaziona," alisema. "Wasiwasi wa kamati ni mmoja. Hawa ni mama zetu, umri umekwenda, elimu yenyewe ni ile ya zamani. Je, walielewa walichokisaini? Au walimsaidia tu binti yao? Kwa tahadhari, mimi napendekeza tubaki na namba."

Damu ilimpanda Nyangi mpaka masikio yakavuma. Miaka yote ile, vijumba vyote vile, na bado mtu anasimama mbele ya Esther kumuuliza kama anaelewa! Akainuka. Mkono ukamvuta kitenge kwa nyuma.

"Kaa," Justina akamwambia taratibu. "Wewe hapa ulikuwaga Mwenyekiti tu. Msemaji ni mimi."

Akasimama, kwa awamu, mkongojo kwanza.

"Mheshimiwa Profesa. Mimi ndiye Namba Nne. Miaka ile ya wodi nilisimama mara sita kwa ajili ya"

"Mama, samahani," Profesa akasema, kwa upole wake wote, "muda wa wageni kuchangia bado, tafadhali ukae kwanza."

"kwa ajili ya mdogo wangu Rhobi, aliyekufa kwenye mtumbwi," Justina akaendelea, palepale, neno kwa neno, "na kila mara nilijua ninachosema, na waliokuwa wananisikiliza walijua ninachosema, ndiyo maana"

"Mama, hoja yako tumeisikia."

"ndiyo maana walinikatiza. Mjinga hakatizwi, baba. Anaachwa aongee. Na sasa na wewe unanikatiza, kwa hiyo unajua vizuri kabisa kwamba ninaelewa." Akapumzika, akameza mate. "Unasema mmeisikia. Mmeisikia. Hamjaijibu."

Kutoka nyuma, Mzee Apolinary akasema, "Ni yeye. Sauti ni ileile," kama mtu anayetoa ushahidi kizimbani.

Hyasinta akasimama bila kuitwa. "Namba Mbili ni mimi. Hyasinta wa Kibara. Na nilichosaini nilisomewa kwanza." Esther akasimama. "Namba Tano. Esther. Mimi hata nilimsahihisha huyo dokta wenu." Yule mwingine akasimama naye, akataja jina lake, kata yake na mwaka aliokula kiapo, akabaki amesimama. Hakuna aliyekaa. Profesa akawatazama, akatazama fomu, akawatazama tena, na kwa mara ya kwanza tangu Nyangi amfahamu hakuwa na utaratibu wa kuutaja.

Lilian akainua mkono kidogo. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kompyuta. "Prof, samahani. Kwenye muhtasari hapa niandikeje? Niandike wajumbe walijadili?"

Profesa akasugua paji la uso, akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Andika majina. Na kitabu kiende na majina."

Lilian akageuza kiti kuelekea pembeni ya mstari. "Mama, tuanze na wewe. Jina lako kamili?"

"Justina Nyamisi Mwikwabe," Justina akasema. Akasogea hatua mbili kwa mkongojo, mpaka karibu na Lilian, akainamisha macho yake yenye ukungu juu ya kile kioo cha kompyuta.

"Andika," akasema. "Mimi nasimama hapa hapa mpaka nilione."